Acheni Kuniuliza Kilatini Kitanilipa Nini

Wasee, leo sicheki na mtu. Kila nikiweka video ya Roma ama Ugiriki ya kale, swali ni lile lile: "Na hii itakulipa nini?" Wengine wanaongeza emoji za kucheka. Wengine wanakuja inboksi kwa upole, wananiambia niko na kipaji lakini nakimwaga kwa hadithi za watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita. Kuna mmoja aliniandikia, "Siz, soma kitu ya maana, hakuna mwanaume ataoa Kilatini." Huyo nilimwacha alivyo. Nyinyi wengine leo nawajibu pamoja, na mkiuliza tena nitakuwa natuma linki tu.

Kwa wale wageni hapa: mimi si profesa. Niliingia chuo, nikatoka mwaka wa pili kwa sababu karo ilishinda watu wa nyumbani. Hiyo stori wengi wenu mnaijua kwa sababu ni yenu pia. Mchana naediti video za watu: harusi, matangazo ya saluni, ibada za Jumapili. Usiku, kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu, siku nne kwa wiki, nasoma Kilatini na historia ya Wagiriki na Warumi. Hakuna anayenilipa na hakuna cheti kinaningoja mahali. Mimi ni mwanafunzi wa saa za ziada, na nasema hivyo bila aibu.

Sasa hoja yangu. Swali la "itakulipa nini" haliulizwi kila mtu. Linaulizwa sisi.

Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 2019 hadi 2022, alisoma Oxford, na kitu alichosomea pale ni hiki hiki: Kigiriki, Kilatini na mambo ya watu wa kale. Hakuna aliyemwita kando akamwambia, "Kijana, hiyo haina soko." Na yeye si wa kwanza. Enzi za ukoloni, mtihani wa kuingia utumishi wa serikali ya Waingereza kule India ulikuwa unatoa alama nyingi sana kwa Kigiriki na Kilatini. Yaani waliona kijana aliyelelewa kwa Homer na Virgil ndiye anayefaa kutawala mamilioni ya watu.

Na huku kwetu? Mwaka 1924 tume iliyoitwa Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua shule za Waafrika. Ushauri wake ulikuwa kwamba elimu yetu ilingane na mazingira yetu: kilimo, usafi, ufundi, kazi za mikono. Mimi sina shida na jembe. Mathe ametulea kwa kuuza sukuma wiki, na mtu akidharau kilimo mbele yangu tutakosana. Shida yangu ni ule mgao. Mtawala anasoma Homer, mtawaliwa anafundishwa kushika mpini vizuri. Halafu miaka mia moja baadaye mtoto wa Kayole anamwambia mtoto mwenzake wa Kayole, "Wacha hizo, soma kitu ya kazi," na anadhani hayo maneno ni yake.

Halafu tuwe wakweli. Kuna msee anabeti kila Jumamosi na hajawahi kuulizwa itamlipa nini, ilhali jibu lake tunalijua sote. Kuna mwingine ako kwa simu saa tano kila siku akiangalia watu wakicheza densi. Sawa, ni maisha yake. Lakini mimi nikifungua kitabu saa moja na nusu, mara tunahesabu doh.

Najua mtanijibu kwamba Johnson alikuwa na pesa na mimi sina, kwa hivyo yeye angeweza kupoteza muda. Hapo ndipo mnakosea kabisa, na wacha Wagiriki wenyewe wawajibu.

Neno letu "shule" lilikuja na Wajerumani: Schule. Wajerumani walilipata kwa Kilatini, schola, na Warumi walilipata kwa Kigiriki, skhole. Maana ya kwanza ya skhole ni nafasi, ule muda mtu anaokuwa nao akiwa hafanyi kazi. Kumbe shule maana yake ni kuwa na nafasi. Athene, wengi wenye nafasi walikuwa nayo kwa sababu kulikuwa na watumwa wanaowafanyia kazi. Kwa hivyo ndiyo, elimu ilianza kama kitu cha wenye nafasi. Lakini sikiza nani aliingia hapo ndani kwa mlango wa nyuma.

Jina lake Cleanthes. Alitoka Assos, mji ulioko Uturuki ya leo. Alikuwa bondia. Diogenes Laertius, aliyeandika maisha ya wanafalsafa karne kadhaa baadaye, anasema Cleanthes alifika Athene akiwa na drakma nne tu mfukoni. Akataka kusoma falsafa kwa Zeno, yule mwanzilishi wa Stoa. Sasa angekula nini? Akatafuta kazi ya usiku: kuchota maji kisimani na kumwagilia bustani za watu. Mchana yuko darasani, usiku yuko kisimani. Hakuwa na pesa ya kununua kitu cha kuandikia, kwa hivyo noti za darasa aliandika kwenye maganda ya chaza na mifupa ya mabega ya ng'ombe. Wenzake walimcheka. Walimwita punda. Akawajibu kwamba ni kweli, kwa sababu ni yeye peke yake anayeweza kubeba mzigo wa Zeno.

Watu wakaanza kumshuku. Huyu maskini mbona yuko darasani kila siku na bado ana afya hivi, kwani anaiba? Akapelekwa mahakamani aeleze anavyoishi. Mashahidi wake walikuwa wawili: mwenye bustani anayomchotea maji, na mama muuza unga anayemsagia nafaka. Mahakimu walifurahi hadi wakapitisha apewe mina kumi, ambazo ni drakma elfu moja. Zeno akamkataza kuzichukua.

Zeno alipokufa, karibu mwaka 262 KK, aliyeachiwa shule ni huyo mchota maji, na akaiongoza kwa miongo mitatu hivi.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliweka simu chini. Mtu wa mkokoteni wa maji ndiye aliyekalia kiti cha Stoa! Halafu wewe unaniambia hii ni elimu ya watoto wa matajiri? Kusoma usiku baada ya kazi hakukuanza na sisi waliokosa karo. Kulikuwepo tangu mwanzo, na aliyefanya hivyo akawa mkuu wa shule.

Na baada yake walikuja wengi. London, mwaka 1823, kulifunguliwa chuo cha mafundi na wafanyakazi, masomo yakiwa jioni baada ya kazi. Kuna wakubwa waliolalamika kwamba kumwelimisha mfanyakazi ni kuhatarisha nchi. Chuo hicho leo kinaitwa Birkbeck, kilianza kupokea wanawake mwaka 1830, na jioni zake zimepitisha watu wengi waliosoma Ugiriki na Roma wakitoka kazini. Mwaka 1969 Waingereza wakaanzisha Open University, chuo kisichouliza cheti cha sekondari. Mwanasiasa Iain Macleod alikuwa ameliita wazo hilo upuuzi. Mwaka 1971 wakaingia wanafunzi wa kwanza zaidi ya 20,000, wakisoma kwa posta, redio na televisheni ya BBC, watu wenye kazi na watoto. Mambo ya Wagiriki na Warumi ni kati ya masomo yanayofundishwa pale hadi leo.

Ona mtindo: kila mara mfanyakazi akitaka kusoma kitu kisicho cha kazi yake, kuna mtu anapiga kelele. Mkinicheka huwa najua mko kwenye laini ndefu sana.

Twende kwa swali la pili, linalotoka kwa wale wenye fikra nzito: "Kwa nini unasoma mambo ya wazungu?"

Hili naliheshimu kidogo, kwa sababu linatoka kwenye kidonda. Lakini hebu tuangalie. Terentius, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliletwa Roma kutoka Karthago, yaani Tunisia ya leo, akiwa mtumwa. Jina lake la tatu ni Afer, mtu wa Afrika. Aliandika tamthilia sita, zote tunazo hadi leo, na kwa karne nyingi watoto wa Ulaya walijifunza Kilatini kizuri kwa kusoma maandishi yake. Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, nchini Libya, akawa mfalme wa Roma kuanzia 193 hadi 211 BK. Alifia York, Uingereza, alipokuwa ameenda na jeshi kupigana. Mzaliwa wa Afrika alikufa Uingereza akiwa mtawala wa Waingereza. Hiyo shuleni ulifundishwa? Mimi sikufundishwa.

Bado hujaridhika? Shika kalamu. Neno hilo tulilitoa kwa Waarabu, qalam, na chanzo chake ni Kigiriki, kalamos, mwanzi wa kuandikia. Shika karatasi: Kiarabu qirtas, Kigiriki khartes. Hata ukiniambia "wacha falsafa mingi", hiyo falsafa ni philosophia ya Wagiriki iliyopita Uarabuni ikafika Mombasa. Umenitukana kwa Kigiriki na hujui.

Na pwani yetu imo kwenye vitabu vyao. Karne ya kwanza BK, mfanyabiashara mmoja aliyejua Kigiriki, jina lake halikuhifadhiwa, aliandika mwongozo wa mabaharia unaoitwa Periplus wa Bahari ya Erithrea. Anashuka pwani ya Afrika Mashariki, aliyoiita Azania, hadi soko la mwisho, Rhapta. Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Anasema manahodha Waarabu waliokuja huko walioa wenyeji na kujua lugha yao. Na jina Rhapta anasema limetokana na mashua zilizoshonwa, kwa sababu kwa Kigiriki rhaptos ni kitu kilichoshonwa. Mtu wa Lamu akisoma hapo anatabasamu, kwa sababu mababu zake walishona mitepe kwa kamba bila msumari hata mmoja. Hadi leo wasomi wanabishana Rhapta ilikuwa wapi hasa. Mnaniambia hii ni historia ya wazungu, na ni maandishi ya kale kabisa kuhusu pwani yetu. Tukiyaacha, atakayetusomea ni nani, na atatwambia yamesema nini?

Wazee wetu walielewa hili kutushinda. Mwalimu Nyerere, akiwa rais wa Tanganyika, alitafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963. Rais mzima, nchi changa, na bado alipata saa za ziada za kuileta Roma kwa Kiswahili. Kule Robben Island, wafungwa walivunja mawe mchana na usiku wakasoma kozi za posta. Waliigiza hata Antigone ya Sophocles, tamthilia ya zaidi ya miaka 2,400, kuhusu msichana anayemzika kaka yake ingawa mfalme amepiga marufuku. Nelson Mandela aliigiza mfalme huyo, Creon. Hebu fikiria: mtu amefungwa maisha na serikali dhalimu, anavaa nafasi ya dhalimu, mbele ya wafungwa wenzake, ili wote waone dhuluma inavyofikiri kutoka ndani. Nani atasimama pale amuulize itamlipa nini?

Na kuna siri nyingine ambayo hakuna aliyeniambia: Kilatini ni rafiki wa Mswahili. Mwingereza akisoma Kilatini analia, kwa sababu kwake "tutapenda" ni maneno matatu, na kwa Mrumi ni neno moja tu: amabimus. Kwetu pia ni moja. Nafsi iko ndani, wakati uko ndani, kitenzi kiko ndani. Yeye anashangaa kwa nini sifa inabadilika kufuata nomino. Mimi nimezaliwa nikisema kitabu kizuri, vitabu vizuri. Mrumi anasema liber bonus, libri boni. Ngeli zile mlizokuwa mnazichukia shuleni ni mazoezi tayari. Mwingereza anatafuta "the" iko wapi, na haipo, kama vile kwetu haipo. Tunaingia na mtaji ambao yeye hana, halafu tunakaa nje ya mlango tukisema ni wa wenyewe.

Sasa wacha nijibu kile mnachotaka hasa: inanisaidia na nini.

Livy, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kisa cha mwaka 495 KK. Mzee anaingia uwanja wa mjini. Nguo ni matambara, amekonda, nywele na ndevu zimemea ovyo. Watu wanamtambua: huyu alikuwa afisa wa jeshi, si yule tuliyepigana naye? Anawaonyesha makovu ya vita kifuani. Wanamuuliza amefikaje hapo. Anasema: nikiwa vitani adui alichoma shamba langu na kuchukua mifugo. Nikarudi, kodi ikadaiwa wakati mbaya. Nikakopa. Riba ikazaa. Shamba la babu na baba likaenda, na vitu vingine vikafuata, hadi deni likafika mwilini: anayenidai alinichukua mimi mwenyewe. Anageuka, na mgongoni kuna alama za viboko, bado mbichi.

Kodi, mkopo, riba. Sasa nitajie ni Roma hiyo ama ni mtu wa ploti yenu mwenye mikopo sita ya simu.

Mwaka uliofuata, 494 KK, watu wa kawaida wa Roma, walioitwa plebs, walitoka mjini wakaenda kukaa kwenye Mlima Mtakatifu, maili tatu hivi kutoka Roma. Hawakumshambulia mtu. Walikaa tu. Bila wao Roma haikuwa na jeshi. Wakubwa wakatetemeka, wakamtuma Menenius Agrippa, mtu wa maneno matamu, awape hadithi. Siku moja, akasema, viungo vya mwili vilikasirika kwamba vinafanya kazi na tumbo linakula tu. Mikono ikakataa kupeleka chakula, mdomo ukakataa kupokea, meno yakakataa kutafuna. Mwili mzima ukadhoofika. Ndipo vikagundua kwamba tumbo nalo lina kazi, linawalisha wote.

Hiyo hadithi umeisikia mara mia, ni vile hukujua ni ya lini. Ukilia kuhusu ushuru unaambiwa sisi sote ni mwili mmoja, tufunge mkanda, nchi itasimama. Juni 2024, tulipokuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wengi tuliambiwa maneno ya ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba mimi leo nikisikia tumbo likiongea nalijua sauti.

Na kuna sehemu ambayo wapenda hadithi ya tumbo huwa hawaifikii. Plebs hawakurudi mjini na hadithi mkononi. Walirudi na makubaliano: wawe na viongozi wao wenyewe, tribuni, wenye kazi ya kuwatetea, na ambao ilikuwa marufuku mtu yeyote kuwadhuru. Kasome mwenyewe, kitabu cha pili cha Livy. Pia ujue kwamba Livy aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya tukio, kwa hivyo wasomi wanabishana ni kipi kilitokea hivyo hasa. Hiyo tabia ya kuuliza nani anasimulia, aliandika lini, na anamtetea nani, imenisaidia zaidi kuliko kozi yoyote ya matangazo ya mtandaoni. Naitumia kila siku nikitumiwa skrinishoti ya "habari zilizotufikia sasa hivi".

Hapo pia nina ugomvi na nyinyi wenzangu wa kontenti. Mnajijua. Sanamu la Mrumi, muziki wa huzuni, sauti nzito, na maneno ya Marcus Aurelius ambayo Marcus hakuwahi kuyaandika. Marcus alikuwa mfalme, kuanzia 161 hadi 180 BK. Alikuwa anajiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki, na kati ya aliyojikumbusha ni kwamba asilewe ufalme. Nyinyi mmechukua onyo la mfalme kwa nafsi yake, mkaligeuza kuwa ushauri kwa kijana anayelipwa mshahara nusu: nyamaza, vumilia, lala saa nne, amka saa kumi. Mnauza uvumilivu kwa watu wanaopaswa kudai haki yao. Na mnaweza kufanya hivyo kwa sababu mnajua hatutasoma kitabu chenyewe. Mimi nimeanza kusoma. Samahani kwa biashara yenu.

Na kusoma si kupiga magoti. Aristotle aliandika kwamba kuna watu ambao kwa asili yao ni watumwa. Athene iliyotupatia neno demokrasia haikuruhusu mwanamke apige kura, wala mgeni, wala mtumwa. Mimi msichana wa Kiafrika ningekuwa nimefungiwa nje mara mbili ama tatu. Ndiyo maana nataka nikae nao mezani niwasome maneno yao usoni mwao. Ukimwacha Aristotle kwa wanaomwabudu, nani atawaambia kwamba mchota maji wa usiku alikuja Athene hiyo hiyo akawa mkuu wa wanafalsafa?

Kwa wale ambao hawakuja kucheka, hivi ndivyo unaanza. Open University iko na tovuti yao ya bure, OpenLearn, ina masomo mafupi ya kuanza Kilatini na Kigiriki. Chuo kikuu cha Tufts kina maktaba ya mtandaoni inaitwa Perseus: maandishi ya Kigiriki na Kilatini, na ukibonyeza neno unapewa maana yake. Yale waliweka mihadhara mizima ya Donald Kagan kuhusu historia ya Ugiriki, bure. Chukua dakika 30, siku nne kwa wiki. Alfabeti ya Kigiriki ni herufi 24, wiki mbili umemaliza. Maneno kumi ya Kilatini kwa siku, uyaandike kwa mkono. Tafuta mtu mmoja wa kusoma naye, hata kama ni kwa sauti za WhatsApp, kwa sababu peke yako utaacha wiki ya tatu. Pakua mihadhara ukiwa mahali pa Wi-Fi, bando usiimalize.

Sikuahidi kazi. Anayekuahidi kazi kwa kila kitu unachosoma anakuuzia kitu. Ninachokuahidi ni kwamba utaacha kuamini kwamba akili yako ni mashine ya kukodishwa tu, na kwamba saa isiyoingiza shilingi imepotea. Hilo wazo lina umri, lina waliolitengeneza, na halikutengenezwa kwa faida yako.

Kwa hivyo ukikutana na mtu anasoma usiku baada ya kazi, awe ni mlinzi na kitabu chini ya taa ya geti, ama kondakta anayerudia maneno ya Kifaransa steji, ama mimi na Kilatini changu, usimuulize itamlipa nini. Muulize amefika wapi. Atakuambia, na mtakaa hapo mkiongea hadi mshangae saa zimeenda.